Wa Tisa kwenye Orodha

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye uzinduzi wa bweni jipya la wasichana katika chuo nilichosomea ujanani, na nisiseme uongo, nilikwenda kujionyesha. Nimekuwa fundi umeme tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimefunga nyaya viwanda vya samaki, shule, makanisa, duka la Mhindi pale mjini ambalo liliwashinda mafundi watatu wanaume, na nilitaka wale wasichana wa leo wanione nikiwa nimevaa kitenge kipya, wajue kwamba tulikuwapo kabla yao. Basi nimekaa kiti cha mbele, natazama wageni wakiingia kwenye turubai, mara namwona mwanamke mnene anakuja polepole, mkono wa kulia ameuviringishia khanga. Sikuhitaji kuambiwa jina. Miaka yote hii nimefanya kazi Mwanza nzima, toka Bujora mpaka Usagara, nikimwomba Mungu nisikutane na Kabula, na siku hiyo akaja akakaa viti vitatu kutoka kwangu, akanipungia mkono wa kushoto huku anacheka. Hotuba zilisomwa, ngoma ikachezwa, sikusikia hata moja. Nilikuwa nimesharudi kwenye mwaka wetu wa umeme.

Chuo kilikuwa, na bado kiko, kati ya njia panda ya Usagara na kivuko cha kwenda Sengerema, mahali ambapo mawe ni mengi kuliko udongo. Enzi zetu kilikuwa chuo cha wananchi cha kawaida kabisa. Wavulana walisoma useremala na uashi, wasichana tulisoma kushona na kupika, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Halafu mambo yakafunguliwa. Ile miaka ya ruksa, biashara zimeachiwa huru, ilipokolea, viwanda vya minofu ya sangara vikaota kando ya ziwa, na kila kiwanda kilitaka watu wa kuangalia mitambo ya baridi. Wafadhili wakaja na magari meupe, wakaangalia ghala letu lililokuwa la pamba, wakasema hapa tutajenga karakana ya umeme. Walileta mashine za mtumba kutoka kwao, zimefungwa kwenye maboksi ya mbao. Walitoa na sharti ambalo lilitutikisa chuo kizima: darasa la kwanza liwe la watu kumi na sita, na nane kati yao wawe wasichana. Siku Mkuu wa Chuo aliposoma barua hiyo mstarini, wavulana waliguna. Sisi darasa la ushonaji tulitazamana tu, mikono bado imeshika sindano.

Wasichana tulioandika majina tulikuwa ishirini na watatu. Tukapewa mtihani wa hesabu, orodha ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi. Wa kwanza alikuwa Kabula. Wa tisa nilikuwa mimi, Minza. Nilisimama mbele ya karatasi ile mpaka wenzangu wakaanza kunicheka. Wa tisa! Afadhali ningekuwa wa ishirini nikatulia. Mkuu aliniambia nisikate tamaa: wafadhili watarudi kukagua karakana, wataona mashine ikifanya kazi, watatia saini, na baada ya miezi sita litaanza darasa la pili ambalo mimi nitakuwa wa kwanza kuingia. Lakini wasipotia saini mashine zitapelekwa chuo kingine, na hakutakuwa na darasa la kwanza wala la pili. Nilimwelewa vizuri. Nyumbani walikuwa wameshaniambia kwamba mwaka ukiisha bila habari ya maana nirudi kuolewa, na mtu mwenyewe nilikuwa nimeshaonyeshwa.

Kabula tulilala naye kitanda kimoja cha juu na chini, yeye juu, mimi chini. Alitoka ng'ambo, upande wa Sengerema, msichana mrefu mwenye kicheko cha kusikika mpaka jikoni. Chumba chetu kilikuwa na vitanda sita na dirisha moja lisilo na kioo, tumeziba kwa gunia, na kila asubuhi kulinuka mafuta ya nazi na soksi mbichi. Tulikula ugali na mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki kiwandani wakishaondoa minofu ya kupeleka Ulaya. Kabula alikuwa bingwa wa kunyonya kichwa cha sangara. Alikinyonya mpaka kinang'aa, halafu anakiweka mezani anakiambia, "Ndugu yangu, mwenzako amekwenda Ulaya bila wewe, pole sana." Alikuwa ananifundisha hesabu bila kuniringia. Nasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa na ugomvi naye. Nilimpenda. Ndiyo maana mpaka leo najiuliza mapenzi yenyewe yalikuwa ya namna gani.

Ujenzi wa karakana tulishiriki wote. Mwaka ule magugumaji yalikuwa yamefunga ufuko, pampu ya chuo imekabwa, kwa hiyo sisi wasichana tulishuka ziwani na ndoo, tunasukuma majani kwa mti, tunateka, tunapandisha. Fundi aliyepewa kazi ya kufunga umeme alitoka mjini, jina lake Deusi, mtu wa miwani ya jua na maneno mengi. Siku moja adhuhuri nilimpelekea maji nyuma ya karakana, nikamkuta amekaa chini anahema, sururu pembeni. Alikuwa amechimba sehemu nne, na zote nne amegonga mwamba. "Nchi gani hii," alisema, "ukipanda mchicha linaota jiwe." Mkononi alikuwa na rodi ndefu ya chuma iliyopakwa shaba, futi nne hivi. Akaniambia, "Dada, hebu nishikie." Nikaishika. Akaikata kwa msumeno wa chuma, akabaki na kipande cha futi moja. Nilimuuliza ni ya nini. "Hii? Pambo la watu wa umeme. Wakija wasipoiona wanalia." Akakisimamisha kile kipande juu ya mwamba, akafunga waya kichwani, nikamkorogea zege, tukakizungushia. Nililainisha lile zege kwa kiganja changu mwenyewe, vizuri, kama mtu anayesawazisha ugali kwenye sahani, na nikafurahi kwamba na mimi nimefanya kazi ya umeme.

Wiki tatu baadaye Mwalimu Bituro, Mjita mpole aliyeletwa kufundisha umeme, alianza masomo ya majaribio, akaniruhusu nikae nyuma nisikilize. Siku hiyo alichora mashine ubaoni, akachora mtu amesimama kando yake, akachora waya unaotoka kwenye mwili wa mashine kwenda chini, kwenye rodi iliyozikwa ardhini. "Huu ni waya wa ethi," alisema. "Siku isiyo na kosa hauna kazi yoyote, unaweza ukaukata na usijue. Lakini siku waya wenye moto ukigusa bati la mashine, umeme unatafuta njia ya kwenda ardhini. Ukiikuta ethi, utapita hapo. Usipoikuta, utapita kwako." Aliposema kwako alimwonyesha Kabula kwa chaki, na darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilinyoosha mkono nikauliza rodi yenyewe inatakiwa iingie kiasi gani. "Yote, futi nne, kwenye udongo wenye unyevu. Ukiisimamisha juu ya mwamba umeweka urembo." Kabula aliandika yote hayo kwenye daftari lake kwa mwandiko safi. Mimi nilikuwa natazama kiganja changu.

Nilimfuata Fundi Deusi siku ileile. Alikuwa juu ya ngazi anafunga balbu. Nikamwambia, "Shikamoo fundi. Ile rodi tuliyoikata..."

"Tuliyoikata nani na nani?"

"Mimi na wewe."

Alishuka taratibu, akavua miwani. Ndiyo mara ya kwanza kuona macho yake, na yalikuwa macho ya mtu aliyechoka tu. "Sikiliza mdogo wangu. Wageni wanakuja Alhamisi ijayo. Kupasua mwamba huu ni kazi ya mwezi. Ukienda kusema, karakana haitawashwa, wageni wataondoka, na mashine zitaondoka nao. Mimi nitapata kazi kwingine. Wewe je? Si ndiye wa tisa?" Kumbe alijua. Chuo kizima kilijua. "Mashine ni nzima," akaongeza. "Wakishatia saini nitarudi nichimbe vizuri, haki ya Mungu." Nilitaka sana kumwamini, na mtu anayetaka kuamini hahitaji maneno mengi.

Hata hivyo kesho yake nilikwenda mpaka kwa Mkuu. Ofisi yake ilipakana na jiko, na nikiwa nangoja nje nilimsikia anazungumza na mpishi wetu, Mama Anyango, habari za chakula cha wageni. "Mama, Alhamisi usinipikie mapanki. Sato, na wali. Nakwambia kweli, wakikuta kasoro hata moja, hata nzi mmoja kwenye chai, tumekwisha. Nimewaombea hawa watoto nafasi hii miaka mingapi? Watarudi makwao kupika ugali." Mama Anyango akamjibu kwa lafudhi yake ya Kijaluo, "Hapana ogopa, Mwalimu, Mungu iko." Mlango ukafunguliwa, Mkuu akaniona. "Minza, una shida?" Jamani, maneno yalikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikajiambia mdomo uliponza kichwa. Nikasema, "Hapana, Mkuu. Nilikuja kukusalimia tu." Akafurahi. Akasema mimi ni msichana mwenye adabu.

Alhamisi ikafika. Sakafu ya karakana ilikuwa imepakwa rangi nyekundu na kusuguliwa kwa nta mpaka inaonyesha sura. Mtu yeyote wa kwetu anajua kitu kinachofuata: ukikuta sakafu ya namna hiyo unavua viatu. Hakuna aliyetuagiza. Ndala za wasichana, raba za wavulana, viatu vya Mwalimu Bituro aliyetufundisha mwenyewe habari ya ethi, vyote vilipangwa mlangoni kama msikitini. Mkuu naye alivua akabaki na soksi. Wageni waliambiwa wasivue, lakini mzee mmoja wa Kizungu alivua kwa heshima, na watu wakampigia makofi. Nje vumbi lilikuwa linapanda kwa sababu ya magari, kwa hiyo Kabula, ambaye ndiye aliyechaguliwa kuwasha mashine ya kunolea mbele ya wageni, alichukua ndoo akanyunyiza maji kwenye kizingiti na kwenye njia yote mpaka kwenye mashine. Ndivyo tulivyolelewa, mgeni hapiti kwenye vumbi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona anatikisa mikono kuikausha. Nilimwona anapita na nyayo zake zinaacha alama za maji kwenye ile rangi nyekundu.

"Kabula," nilimwita kwa sauti ya chini. "Vaa ndala zako."

Aligeuka akacheka. "Kwenye sakafu hii? Mkuu si ataninyonga!"

"Vaa tu, nakuomba."

"Minza nawe! Wivu?" Alinitania, akaniminya shavu kwa vidole vibichi, akaenda.

Basi. Hayo ndiyo yote niliyofanya. Nimeyapima maneno yale matatu, vaa ndala zako, kwa miaka yote hii, nikitafuta kama yanaweza kutosha. Hayatoshi. Ningepiga kelele. Ningezima meni swichi, ile inayokata umeme wote, ilikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa. Ningelala chini nikajifanya nina kifafa, wageni wakashughulika na mimi. Lakini nilikuwa nahesabu: mashine ni nzima, fundi kasema ni nzima, dakika mbili tu, watatia saini. Wavulana waliimba wimbo wa kukaribisha. Mkuu akasema, "Na sasa binti yetu." Kabula akabonyeza swichi kwa mkono wa kushoto, mashine ikanguruma, makofi. Akachukua patasi anoe. Mkono wa kulia ukaegemea bati la mashine.

Hakupiga kelele. Watu wanadhani mtu akinaswa anapiga kelele. Alisimama tu wima, amekakamaa, mdomo wazi, na kwa sekunde mbili tatu wageni waliendelea kupiga makofi. Mimi nilijua kabla ya wote, na miguu yangu haikuondoka. Mwalimu Bituro ndiye aliyeruka akavuta meni swichi. Kabula akaanguka chini kama gunia. Hapo ndipo mtu mmoja akalia "Mayoo!" na nikagundua ni mimi. Kiganja chake kilikuwa kimeungua na vidole viwili vimejikunja ndani. Alipumua, Mungu mkubwa, alipumua. Walipokuwa wanambeba kwenda kwenye gari la wageni, nilimsikia Mkuu anawaambia kwa sauti inayotetemeka, "Ni bahati mbaya. Mikono yake ilikuwa na maji. Tumewaambia mara nyingi, lakini watoto hawa..." Mwalimu Bituro alikuwa anaitazama mashine. Waya wake wa nyuma ulikuwa wa zamani, umechunika ndani kwa ndani. Hakuna aliyekwenda nyuma ya karakana.

Walitia saini. Niamini, walitia saini, na wakaandika kwamba wasichana wafundishwe uangalifu zaidi. Jumapili nilivuka kwa kivuko kwenda kumwona hospitalini. Nilibeba michembe ya viazi vitamu na karanga. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilimkuta amekaa kitandani, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Minza, uliniambia nivae ndala. Ulijua nilivyo mzembe. Mikono mibichi, mtu niliyeongoza mtihani!" Machozi yalimtoka. "Daktari anasema vidole havitanyooka. Mimi umeme basi. Chukua nafasi yangu. Afadhali uwe wewe."

Nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante. Nikamenya karanga nikamlisha.

Nilisoma. Wiki ya pili ya masomo nilimwomba Mwalimu Bituro tupime ethi ya karakana, nikajifanya ni udadisi wa mwanafunzi. Tulipima, akatazama kipimo, akanitazama mimi, kisha akaenda nyuma ya karakana akavunja lile zege kwa pigo moja la nyundo. Hakuniuliza kitu. Darasa zima tulichimba wiki mbili kati ya mawe, upande wa bondeni, tukapata udongo, tukajaza mkaa na chumvi vya kushika unyevu, tukazika rodi mpya yote. Mkuu aliambiwa ni mafunzo kwa vitendo. Tangu hapo sijawahi kufunga nyumba ya mtu bila kuchimba ethi kwa jembe langu mwenyewe, na wateja husema mama huyu ana wazimu wa mashimo. Kumbe wema wote huo nilikuwa nawafanyia watu wengine, na yule mmoja niliyemkosea nimemwacha na neno mzembe.

Siku ya uzinduzi tulipokwenda kula, Kabula alinifuata mwenyewe. Alinikumbatia kwa mkono mmoja. "Fundi mkuu!" alisema. "Nasikia habari zako mpaka Sengerema. Najivuna nikisikia. Nasema, ile ni nafasi yangu inayofanya kazi." Nikaweka sahani chini. Nikamwambia twende pembeni, na pale, nyuma ya turubai, nilimwambia yote: rodi, msumeno, zege, Deusi, mlango wa Mkuu. Sikujitetea. Nilisema pia kwamba nilikuwa wa tisa na nilitaka kuingia. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilitegemea anitukane au anizabe kibao, na ningeshukuru. Aliutoa mkono kwenye khanga akautazama, vile vidole viwili, akavigeuza juu na chini kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Kwa hiyo haikuwa maji," alisema.

"Maji peke yake yasingekufanya vile. Wewe hukukosea kitu, Kabula. Hata kimoja."

Aliufunika mkono tena kwa khanga. Kisha akaita kuelekea kwenye meza za chakula, na msichana wa miaka ishirini na kitu akaja anafuta mikono, mrefu, mama yake mtupu. "Huyu ni kitinda mimba wangu," Kabula aliniambia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Aliletewa barua ya kuchaguliwa hapa hapa, darasa la umeme. Alikuwa wa kwanza. Niliichana mbele yake. Nilimwambia ukoo wetu ni wazembe, kazi ile itamuua. Alilia mwezi mzima, halafu akaacha kuniomba. Sasa anauza vitenge vya watu."

Nilianza kusema kitu, sijui nini, samahani pengine. Akanikatisha.

"Mimi umeshaniambia. Mwambie yeye."

Yule binti alitutazama mmoja mmoja, hajui kitu. Akapiga goti kidogo, kama walivyofundishwa watoto wa kwetu, akasema, "Shikamoo, mama."

Nilifungua mdomo, na marahaba haikutoka.